Kilo Kumi na Mbili za Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Tisini na nne. Nimepanda mizani mara mbili, ya pili nimevua viatu na hereni – hereni, jamani! – na bado tisini na nne.

Daktari wa figo hakupindisha maneno. Damu yangu na ya Kaka zinapatana, figo zangu nzima zote mbili, ila kwa unene huu hanipasui. Nishuke mpaka themanini na mbili, ndipo atoe figo moja ampe Kaka. Mama ana sukari, hafai. Watoto tuko wawili tu. Kwa hiyo ni mimi.

Nesi wa lishe akaniambia nishuke nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo nzima. Nikapiga hesabu pale pale koridoni. Kwa nusu kilo ni mwezi wa nane! Na Kaka anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kila wiki, mishipa ya mkono inaziba mmoja baada ya mwingine. Wa kutumia umebaki mmoja. Nusu kilo ya nini sasa?

Njiani Kaka kacheka. Ananiita Bonge tangu nina miaka mitano. Eti safari hii ubonge umeingia kwenye faili la hospitali. Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nikajifungia bafuni nikalia.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya tano. Asubuhi yai moja, mchana tango, jioni maji ya moto. Basi.

Kule kwa dobi ninakofanya kazi ni joto tupu – shuka za hoteli, pasi ya mvuke, masaa nane ya kusimama. Mwenzangu wa meza ya kukunjia alifungua chakula chake mbele yangu, nikahamia stoo nikakaa na madumu ya sabuni. Kichwa kinagonga. Lakini suruali imelegea!

Jumatatu, 11 Machi

Themanini na tisa!! Kilo tano kwa wiki moja!

Nilitaka kumkumbatia nesi. Yeye kakunja uso. Kanikalisha, akaeleza taratibu. Mwili ukinyimwa chakula unaanza kula akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, na akiba hiyo imeshikana na maji mengi. Kwa hiyo kilo za mwanzo nyingi ni maji, mafuta yamepungua kidogo tu. Kushuka haraka siku za mwanzo si ajabu, kasema, mtu asiogope. Ila tano, kwa mtu anayelala na njaa, hiyo si afya. Nikiendelea hivi nitapoteza misuli, na hata mawe ya nyongo naweza kupata. Nile. Ninywe maji. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Ana roho ya kuzima furaha, huyu. Maji au mafuta, mizani imesoma themanini na tisa. Nimemwambia Kaka. Kanishika mkono, hakuuachia upesi.

Jumatatu, 18 Machi

Themanini na nane na nusu. Wiki nzima ya matango – nusu kilo! Nesi kafurahi, eti huo ndio mwendo. Ningempiga na mizani yake.

Yeye hajui ya juzi. Jumamosi mkono wa Kaka uligoma, mshipa wa mwisho umeziba. Wamemtia mpira shingoni. Na mpira wa shingoni ni wa muda tu, ukiingia usaha au ukileta homa, wanautoa. Halafu? Mama aliuliza mara mbili.

Jumanne, 19 Machi

Mama hatupi dawa. Kwenye kopo la biskuti zimo zile za Kaka za kutoa maji mwilini, za kabla ya mashine, alipokuwa bado anakojoa. Siku hizi hakojoi hata tone. Hazina kazi kwake.

Nilikaa nazo kitandani. Nesi mwenyewe kasema kilo za mwanzo ni maji. Basi nitoe maji! Mizani haiulizi umetoa nini. Nikishapasuliwa nitakunywa pipa zima.

Nimemeza moja asubuhi. Nimekimbia chooni mara saba kabla ya saa sita. Mwenzangu kaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia ya mapacha.

Jumatatu, 25 Machi

Themanini na tano! Bado tatu.

Nesi hajapendezwa. Kavuta ngozi ya mkono wangu, ikabaki imesimama. Kauliza nakunywa maji? Ndiyo. Kuna dawa yoyote ninayotumia? Hapana. Nilimtazama machoni nikisema hivyo. Kachukua damu, chupa mbili, akaandika kitu kirefu.

Kuanzia kesho nameza mbili.

Ijumaa, 29 Machi

Miguu inakaza usiku na mchana. Leo nimeanguka kazini, juu ya pasi. Mkono wa kushoto umeungua kuanzia kiwiko mpaka kiganjani. Nimewaambia ni joto. Mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 2 Aprili

Daktari alinipigia simu nije haraka. Nikadhani ni tarehe ya upasuaji! Nimevaa hata gauni zuri.

Nimemkuta chumba cha mashine, Kaka kalala, damu yake inazunguka kwenye mipira. Daktari kasimama katikati yetu na karatasi. Mwezi uliopita figo zangu zilikuwa nzima, kasema. Sasa zinafanya kazi nusu tu. Halafu akauliza, si kwa ukali: "Umemeza nini?"

Nikatazama sakafu. Nikasema yote. Dawa zako, Kaka, zile za kwenye kopo.

Nesi wa lishe alikuwa mlangoni, kasikia yote. Mimi alichonionya nilikichukua kama dawa ya kunisaidia! Alisema ni maji ili niache pupa, mimi nikasikia njia ya mkato. Mjinga mimi. Mjinga wa kupewa cheti.

Wamenilaza kwenye kitanda jirani na cha Kaka, dripu mbili. Baada ya dripu wakanipima. Themanini na nane. Maji yote niliyoyatoa kwa vidonge yamerudi kwa sindano. Daktari kasema wiki sita nipumzike, nile, ninywe, kisha wapime upya tangu mwanzo. Figo zikirudi, tuanze kupungua polepole. Zisiporudi, sitoi kitu, si sasa, si kamwe.

Kaka aligeukia ukuta mpaka mashine ilipozimwa.

Jumatano, 3 Aprili

Asubuhi wameniruhusu kurudi nyumbani. Mama kalifunga kopo kwenye mfuko, kalipeleka hospitali mwenyewe. Sikugusa chakula. Siwezi. Kila tonge nikiliangalia naliona kwenye mizani.

Alhamisi, 4 Aprili

Siku ya mashine. Teksi imefika saa mbili. Kaka hajavaa hata viatu. Kaketi mezani mbele yangu, miguu imevimba, anavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. Mama kaniwekea mayai mawili na mkate, katoka nje, hataki kuona.

"Kula kwanza," Kaka kasema. "Nikuone unakula, ndipo niende."

Nikamwambia asilete utoto, akichelewa kitanda anapewa mwingine mpaka Jumamosi. Kasema anajua. Nikamwambia Jumamosi hutafika. Kasema anajua hilo pia. Figo haitaki tena, ya mtu anayejiua kwa ajili yake haitaki, ila chakula nitakula.

Naandika ili mikono iwe na kazi. Nimekula nusu yai. Dereva kapiga honi mara ya tatu.

"Nikinenepa je?" nimemuuliza. "Halafu nani atakupa?"

"Nenepa."

Midomo yake imeanza kuwa ya bluu. Mkate nimeushika. Mdomo haufunguki.