Chupa ya Uji Iliyorudi Imejaa

Kocha Mkumbo,

Sikuandikii kwa upole. Msibani nilinyamaza kwa ajili ya mama yako, lakini sasa matanga yameisha, alizeti zimevunwa, na hasira yangu haijapungua hata kidogo. Umetufanyia ubaya.

Nani alinifundisha kula kama si wewe? Nilipokuja kwako hapa Iguguno, mwembamba kama ufito, nilidhani misuli inanunuliwa kwenye yale makopo ya unga yenye picha za wazungu. Ulinicheka mpaka ukakaa chini. Ukaniambia nile ugali wa mtama, kunde, mayai ya kuku wetu na maziwa ya mgando, nilale mapema, ninywe maji. Salamu yako ilikuwa moja tu: "Umekula nini leo?" Aliyekuja na njaa ulimrudisha kwao akale kwanza, hata kama ametembea kutoka mbali.

Na mnadani je? Unawakumbuka wale wauzaji waliolambisha ng'ombe chumvi ili wanywe maji mengi, matumbo yajae, mnunuzi adhani wamenona? Ulisimama pale ukawaambia hadharani kwamba wanauza maji. Nilijivunia kuwa mwanafunzi wako. Halafu wewe mwenyewe ukaja kufanya yale yale kinyumenyume, ukajikausha ili majaji wa mashindano ya kutunisha misuli kule Singida mjini waione mishipa yako. Siku mbili bila maji, na juu yake vidonge vya kukojoza ulivyopewa na mtu usiyemjua hata jina. Nilikusihi. Ukanijibu, "Daudi, acha woga, nitakunywa nikishuka jukwaani."

Hata kupanda hukupanda. Ulianguka nyuma ya pazia ukiwa umeshapakwa mafuta, moyo ukasimama, tukakubeba hivyo hivyo ukiteleza mikononi mwetu.

Chupa ya uji wa uwele aliyokupa mama yako asubuhi ile niliirudisha mimi. Ilikuwa imejaa. Unajua ilivyo kumkabidhi mama wa watu chupa nzito namna ile? Hujui. Wewe umelala.

Haya, sikiliza kilichofuata. Wenzangu wakachukua picha uliyopigwa asubuhi hiyo hiyo, wakaikuza, wakaitundika ukutani pale tunapofanyia mazoezi, juu ya vyuma vyetu vya rimu za lori na makopo ya saruji. Vijana wapya wakawa wanaitazama na kuacha kula. Nikasema ishushwe. Petro, yule uliyekuwa unamwita kifua cha beberu, akanikunjia uso. "Hiyo ndiyo siku aliyopendeza kuliko zote," akasema. Nikamwambia hiyo ndiyo siku aliyokuwa anakufa. Kidogo tupigane.

Ndipo mama yako akaja kuchukua nguo zako ulizoziacha pale. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, halafu akaiona picha. Akaisogelea, akagusa shavu lako lililobonyea. Sisi miezi yote hiyo tulikuwa tunaona misuli. Yeye aliuliza, "Mbona mwanangu amekauka hivi? Uji wangu ulikuwa na nini hata asiunywe?"

Nikamweleza mama yako yote, vidonge, kiu na ubishi wako, kwa sababu kumbe tangu tukuzike alikuwa anadhani kosa ni la uji wake. Alikuwa anajilaumu, Kocha. Anakaa peke yake jikoni anajiuliza kama aliuunguza, au kama sukari ilikuwa kidogo. Kwa hilo nimekukasirikia kuliko kwa kufa kwenyewe.

Picha niliishusha mimi. Petro ndiye aliyenishikia kiti.

Siku hizi mama yako anatuletea uji katika chupa ile ile, na hakuna anayegusa chuma kabla ya kunywa. Vijana wanalalamika kwamba tumbo linakuwa zito. Nawaambia waende wakalalamike kwako.

Kwaheri, mbishi wewe. Nilikupenda, na bado nina hasira, na vyote viwili nitakaa navyo. Mashindano yakija nitapanda jukwaani nimekula na nimekunywa, hata nikiwa wa mwisho, hata majaji wakinicheka. Na chupa ya mama yako nitamrudishia tupu.

Mwanafunzi wako,
Daudi