Kabla ya Moto, Rangi Huoshwa

3 Februari

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumai hujambo na mgongo umepoa. Sisi hatujambo, ila nyumba imekuwa ndogo tangu nirudi kutoka likizo kwako. Labda ni yale madirisha makubwa ya karakana yako ndiyo yamenidekeza.

Nilimwonyesha Mama kikombe changu cha kauri, kile nilichosahau kukipangusa chini kabla hujakiingiza tanurini. Nikamweleza kwamba ule uji mweupe mnamochovya vyombo hugeuka kioo motoni, ndiyo maana kiling'ang'ania rafu ya tanuri kama mtoto siku ya kwanza ya shule, mpaka ukakibandua kwa patasi. Mama alicheka sana. Unajua tangu jino lake la mbele livunjike hacheki mbele za watu. Hucheka na waliomzoea tu, tena akifunika mdomo. Lakini anavyofunika, Mama Mdogo! Hukunja kiganja kama mtu anayekinga mshumaa usizimwe na upepo. Nimewahi kutaka kumwambia hivyo nikashindwa. Nimekwambia wewe tu, kwa sababu kwenye karatasi sina kigugumizi.

Mwanao,
Kasuku

20 Februari

Kasuku wangu usiyesema,

Marahaba. Mgongo ni uleule, tunaishi nao kama mpangaji mkorofi. Msalimie dada.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho brashi ikiwa mkononi. Mwanangu, una macho. Mimi kazi yangu kuchora majani na ndege kwenye vyombo, na wateja wameshachoka na majani na ndege. Niandikie zaidi habari za hapo nyumbani, vitu vidogovidogo kama hicho cha mshumaa. Usione haya. Siri kwangu ni kama umeitumbukiza kisimani.

Mama yako mdogo

11 Aprili

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumai u mzima. Sisi ni wazima wa mwili.

Jana Mama alirudi kazini na zawadi. Alipewa na fundi mwenzake wa cherehani ya pili, akamwambia, "Nilipokiona dukani nikakukumbuka wewe." Ni kikombe cheupe, chembamba, kizuri kweli. Kimeandikwa kwa buluu kukizunguka: Akicheka hufunika mdomo, kama anayekinga mshumaa.

Mama alikisoma akikizungusha polepole. Kisha akakigeuza, akaona chini alama yako ya samaki. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu, nikajifanya nasoma.

Akasema, "Kumbe huwa mnanitazama."

Akaniuliza nani alimwambia mdogo wake maneno hayo. Nikasema sijui. Sijawahi kumdanganya kabla ya jana. Baadaye redioni kulikuwa na wale wachekeshaji anaowapenda, akakaza midomo mpaka kipindi kikaisha.

Sikuombi uvirudishe vilivyouzwa. Naomba kitu kimoja. Machi nilikuandikia jinsi Mama anavyojaribu mbele ya kioo tabasamu la mdomo uliofungwa kabla ya kwenda kazini. Kama umeshaliandika kwenye chombo, tafadhali lioshe. Ulinifundisha mwenyewe kwamba kabla ya moto rangi huoshwa kwa maji, na baada ya moto haitoki tena. Akiliona na hilo, sijui atatokaje mlangoni asubuhi.

Mwanao,
Kasuku

25 Aprili

Kasuku wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima usingizi.

Kwanza, sikumtaja mtu. Pili, si matusi yale, ni sifa. Kuna mama alikishika kikombe kile hapa dukani akatokwa na machozi. Dada yangu tangu utotoni ni mwepesi wa kununa, mpe siku chache atalainika.

Lile la kioo ningeliosha, haki ya Mungu. Lakini barua yako ilifika nimechelewa. Seti nzima ya sahani nilishaimaliza, ikaingia tanurini wiki iliyopita, na tangu siku hiyo sijashika brashi. Kilichochomwa kimechomwa, wewe unajua. Nimefikiri kitu cha kukufurahisha: sahani zijazo nitaweka na alama yako chini, kasuku mdogo kando ya samaki wangu. Umestahili.

Usiache kuniandikia.

Mama yako mdogo

9 Mei

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumai hujambo.

Kwenye pembe ya barua yako kuna alama ya kidole gumba, ya kijivu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba buluu yako huwa ya kijivu mpaka ipite motoni. Niliiweka pembe hiyo chini ya bomba. Ikatoka yote, haikuchukua hata dakika. Na ulisema hujashika brashi.

Nimemweleza Mama kila kitu, kwa mdomo, na kigugumizi changu. Alinisubiri nimalize kila neno. Bado hajacheka.

Jina la Kasuku nakurudishia, maana wewe ndiye unayerudia maneno ya watu.

Umesema nisiache kukuandikia habari za nyumbani. Ni hizi: Hatujambo. Mvua inanyesha. Shule inaendelea.

Hizo unaweza kuziandika kwenye sahani.

Mtoto wa dada yako