Damu ya Komando Haigandi

Lilongwe, Jumamosi

Mama Zaina, mke wangu,

Salaam alaykum, wewe na batoto. Kigoma mnaamkaje? Kifua cha mama kimetulia? Mi mwili uko mzima, roho njo inaumwa, na inaumwa juu ya mbwa. Usicheke kwanza.

Patroni ninayemlindia nyumba ana mbwa, Komando. Huyu alikula panya aliyekufa kwa sumu, akaanza kutoka damu puani na kwenye fizi. Daktari wa wanyama akatueleza kuwa sumu ile inaiharibia damu vitamini K, na bila hiyo damu haigandi, inavuja tu. Akatoa vidonge. Akasema apewe pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo tumbo halivipokei sawasawa.

Patroni akaniachia mkebe wa mafuta. Kufungua, ya nguruwe. Komando haendi msikitini, najua, lakini mwiko wa kumpikia njo ule ninaosongea nsima, bugali yao ya huku. Nikaufunga mkebe, nikawa naficha kidonge ndani ya nsima kavu. Sisi Waislamu wa Maniema, kwetu Kongo, tukiona nguruwe hatuulizi maswali, tunageuza uso.

Damu iliyokuwa imepungua ikarudi kwenye fizi. Daktari akaniuliza anakula nini, nikasema kweli. Akashika kichwa.

“Mafuta yoyote yangefaa, ndugu yangu. Si ungeuliza?”

Patroni hakupandisha sauti. “Akifa, na wewe utafute pengine.”

Na unajua hapo pengine ni wapi: hema la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, maana chumba cha uani alichokubali mje kulala kitaondoka na kazi.

Jana nilipokwenda kambini kuswali nikanunua mafuta ya mawese kwa mama mmoja wa Uvira. Akauliza ya nini. Nikasema kazini tuna mgonjwa anayetoka damu. Akasikitika sana, akasema Jumapili atamwombea kanisani. Sikumwambia mgonjwa ana mkia.

Komando ameshakula kidonge na mawese mara mbili. Leo fizi naziona zimekauka kidogo, au ni macho yangu yanatamani. Jumanne daktari atampima damu kama inaganda. Mizigo uliyofunga usiifungue, ila tiketi ya meli usikate bado.

Nisalimie mama, na mjomba anayewahifadhi. Zaina mwambie baba yake anafanya kazi ya hospitali.

Mumeo, anayewaombea nyinyi kila swala, na siku hizi, Mungu anisamehe, na mbwa,

Baba Zaina