Mtani Aliyelia Msibani

Somoe, Myao wewe,

Salamu nakupa nusu. Nusu nyingine umeikosa kwa kuondoka bila kumaliza chai yangu.

Jana tumesoma arobaini yako. Nakuandikia asubuhi hii nikiwa barazani kwangu hapa Magomeni, mwandiko umepinda, na usianze kusema ni uzee. Uzee wangu unaujua, unakaa magotini. Mwandiko huu umeupinda wewe.

Nianze na kosa langu, maana huko uliko umbea najua unafika. Siku ya msiba wako nililia.

Mimi Tekla, Mngoni wa Songea, mtani wako tangu siku ya kwanza nilipohamishiwa kufundisha shule ulikokuwa karani, niliingia kwenu nimejifunga kanga yako, nimevaa miwani yako ile yenye mkono uliofungwa uzi, tayari kukuigiza kama desturi ya utani inavyotaka. Wanawake walikuwa mkekani wananisubiri. Nilitakiwa nitembee kama wewe, niseme kama wewe, nizuie jeneza mpaka Wayao watoe kuku, watu wacheke kidogo, wapumue. Nikafungua mdomo, kikatoka kilio. Tena si kilio cha adabu. Kile cha ng'ombe.

Nyumba nzima ikalipuka kwa kilio. Hawa, mwanao wa pekee, hakuwa ametoa chozi tangu upoteze uhai. Aliinuka, akanivua miwani yako mbele ya watu, akaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Na wewe ulishaniambia si mara moja, "Siku ukinililia, Mngoni, nitajua hukuwa mtani. Ulikuwa jirani tu." Siku arobaini nimetembea na neno hilo kooni kama mwiba wa samaki changu.

Nakumbuka asubuhi uliyokufa kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Hawa alikuwa amechelewa zamu yake bandarini, akatoka mbio ukiwa bado unaoga. Hamkuagana. Ukaja kwangu, tukakaa na chai na redio yetu kama kawaida, wewe ukimjibu msomaji wa habari kila sentensi utadhani amekuja kukuposa. Alipotaja bei ya sukari ulimwambia aende dukani mwenyewe. Kisha akasema kwaheri wasikilizaji, nikasubiri umjibu. Hukujibu. Nikakucheka, nikasema, "Leo Myao umeshindwa?" Nilikucheka, Somoe, na wewe ulikuwa umeshakwenda. Waliokupokea hospitalini walisema ni presha.

Huku mambo ni yaleyale, isipokuwa hakuna wa kuyasema. Habari za gesi yetu ya Mnazi Bay kuwasha taa za miji ya mbali nimezisikiliza kwa redio ya betri, kwa kuwa kwetu umeme ulikuwa umekatika. Mnada wa korosho umefunguliwa na mji mzima umekuwa mtaalamu wa bei, mpaka muuza vitumbua ananishauri niuze lini, nami sina hata mkorosho. Wastaafu tumeitwa tena kuhakikiwa kama tuko hai. Nimekaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa sita, karani akaniuliza nina uthibitisho gani. Nikageuka kushoto nisikie utakavyomjibu. Kushoto alikuwepo mzee mmoja amesinzia kabisa, nusura wamwandike vinginevyo.

Lakini hayo yote yalikuwa ya kujipotezea muda. Nilichokuwa nakiogopa ni arobaini.

Wiki iliyopita Hawa alikuja hapa. Hakukaa. Akasema, "Mama mdogo, arobaini njoo, tutafurahi. Ila njoo kama wageni wengine. Utani wako uache hukohuko nyumbani. Mama yangu si kichekesho." Aliyasema taratibu, na huo utaratibu ndio ulionitisha. Amekonda, Somoe. Anakwenda kazini, anarudi, anafagia ua uliokwisha kufagiwa. Majirani wanamsifu kwamba amejikaza. Mimi nimefundisha watoto maisha yangu yote, namjua aliyejikaza na namjua anayekaribia kupasuka. Nikamwitikia, "Sawa, mwanangu." Ningesema nini, na mimi ndiye niliyeharibu?

Basi jana nikaenda na gauni langu la kanisani na kanga begani, nikakaa karibu na mlango kama mtu aliyepotea njia. Wanaume walimaliza khitma nje, turubai likajaa harufu ya pilau. Ndani wanawake walikula kimyakimya, vijiko tu ndivyo vilivyokuwa vikizungumza. Hawa alikuwa anapitisha sinia huku na huku, hamtazami mtu. Kila aliponikaribia niliinamisha kichwa. Niliona haya. Mimi, mbele ya mtoto niliyemfundisha kushika kalamu!

Ikafika saa saba. Huko nje mmoja wa wanaume akafungulia redio. Dirisha lilikuwa wazi. "Habari za mchana, ndugu msikilizaji."

Somoe, chumba kizima kiliacha kutafuna. Kila mwanamke pale alijua kwamba hapo ndipo unapojibu. Tulikusubiri. Hawa alisimama katikati ya chumba na sinia mikononi, nikasikia sahani zinagongana.

Naapa sikupanga. Mdomo wangu ulijibu wenyewe, kwa ile sauti yako ya puani: "Tuambie za kwako kwanza, za kwetu huziwezi."

Hakucheka mtu. Hawa akaweka sinia chini polepole. Nilijua nafukuzwa, tena safari hii kwa haki. Lakini mtani akishaanza hana pa kurudi. Nikasimama, nikajifunga kanga chini ya kwapa unavyojifunga wewe, nikauburuza mguu wa kushoto kama wewe mpaka dirishani, nikamnyooshea kidole msomaji wa habari. "Wewe baba, unatusomea gesi tangu mwaka juzi. Njoo basi unipulizie mkaa!" Pembeni mwanamke mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Nilipogeuka, Hawa alikuwa mbele yangu, karibu kiasi cha kunifikia kwa kibao.

Hakunipiga. Alinitazama kanga, mguu, uso, kisha akasema kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza, "Mama, mbona hukuniaga?"

Kwa miaka yote ya utani wetu sikuwahi kuulizwa swali la kweli. Ningeweza kusema, mimi si mama yako, mwanangu, mimi ni Tekla. Wanawake wote walinikodolea macho. Machozi yalinifika kwenye kope, nikayarudisha kwa nguvu, nikasema kwa sauti ya puani, "Ningekuaga ungenizuia. Wewe tangu mdogo, ukimshika mtu kanga humwachii."

Akacheka. Mara moja, kwa mshtuko, kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha akaishika ile kanga kwa mikono miwili na kulia, kilio cha siku arobaini, na mimi nikamshikilia nikiendelea kumgombeza kwa sauti yako kwa sababu sikuwa na sauti nyingine. Chumba kizima kilicheka na kulia. Mpaka wanaume wakachungulia dirishani kuuliza kuna nini.

Sasa kinachonisumbua ni hiki. Leo alfajiri Hawa alipita hapa akienda kazini. Macho yamevimba, lakini alikuwa amekula, nilimwona makombo ya mkate kwenye ushungi. Akaniambia, "Mama mdogo, kumbe hakutaka nimzuie." Nikampangusa yale makombo. Jibu lile nililitunga mimi, na yeye amelichukua kuwa lako. Nimesahihisha madaftari miaka mingi, na leo kosa limesimama mbele yangu nimeshindwa kuligusa.

Nakuahidi sitaligusa. Na kila asubuhi Hawa akipita hapa nitatoka nimuage, hata magoti yakikataa, hata akiwa amechelewa zamu.

Haya, kwaheri, Myao. Kama una jibu lako, lihifadhi, utampa mwenyewe siku mtakapoonana. Na kama huna, chukua langu.

Mtani wako,
Tekla