Kidonda Chini ya Glavu

Kaka, mwaka mmoja umetimia leo tangu utuache, na tangu tugundue kwamba ulitudanganya.

Buchani walikuita Mkaguzi. Kila asubuhi, kabla kisu hakijagusa nyama: "Nyoosheni mikono! Geuzeni!" Mwenye mchubuko hakusalimika. Mimi mdogo wako, tumbo moja, ulinirudisha nyumbani siku tatu kwa kidole kilichochanwa na mfupa. "Nyama haina mdomo wa kukusema. Mimi ninao." Nilinuna, lakini nilikuamini. Ulikuwa mtu wa kumwongezea bibi kizee mfupa wa supu, kisha ukamfokea asije akakushukuru mbele za watu.

Kumbe mkono wako wa kulia ulikuwa na kidonda. Ukauvalisha glavu siku nne. Mkeo akakuuliza, "Baba watoto, mbona unakula kwa kijiko, tena kwa kushoto?"

"Nakuwa mstaarabu uzeeni."

Akacheka. Sote tukacheka.

Siku ya tano mkono ulivimba kama paja, homa ikapanda, ukawa unaweweseka. Daktari hakutuficha. Alisema bakteria waliingia kwenye kidonda wakamwaga sumu. Sumu nyingine ilitoboa chembe za nyama yako mpaka zikafa. Nyingine iliwaamsha askari wa kinga ya mwili wote kwa mpigo, nao wakashambulia ovyo, wakamuumiza hata mwenye mwili. Presha ikaanguka, figo zikagoma.

"Askari wake mwenyewe, daktari?" nikauliza.

"Wake mwenyewe. Mngemleta siku ya kwanza au ya pili, pengine tungekuwa tunaongea mengine."

Neno hilo halijanitoka. Uliogopa nini, kaka? Kukaa nyumbani siku tatu kama sisi? Au kuchekwa?

Nami nina langu. Siku ya pili niliiona ile glavu, mkono mmoja tu, na maana yake niliijua. Nikanyamaza. Nani angemwambia Mkaguzi anyooshe mkono? Wewe ulitusaliti kwa kiburi, mimi nikakusaliti kwa woga. Mama hajui. Atajua leo, akisomewa tangazo hili la kumbukumbu.

Unakumbukwa na mama yako, mkeo, binti zako wawili, wenzako wa buchani, na mimi mdogo wako.

Kukukumbuka, tutakukumbuka daima. Kusameheana, bado tunajitahidi.