Barakoa Niliyokukatia kwa Kubahatisha

Kwako mama mkwe wangu, Mayu Milembe,

Nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Bariadi, kitambaa cha mteja kimelala chini ya sindano tangu asubuhi, na sijapiga hata mshono mmoja. Mwanao Kabula yuko uani anapepeta mchele. Hajaninunia. Angeninunia ningejua la kufanya, maana nimemzoea. Ananiheshimu tu. Ananiwekea chakula, ananinawisha mikono, kisha anaondoka kwenda kula jikoni na mtoto. Tangu tulipokuzika hajakaa nami kula hata siku moja. Ndiyo maana nakuandikia. Kuna jambo tulilificha, mimi na wewe, na sasa linanitoa jasho ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Wewe unalijua, lakini barua hii itasomwa na wengine pia, na wengine si watu wa kwetu. Kwa hiyo univumilie nikianzia mbali.

Siku ya kwanza nilipokuja Sola, kijijini kwenu, baada ya posa kukubaliwa, nilikutana nawe njiani unatoka kuchota maji, ndoo kichwani. Hukunisalimu. Ulivuta kanga ukajifunika uso, ukaacha njia, ukaingia katikati ya pamba na ndoo yako, ukanipa mgongo mpaka nikapita. Mimi nami niliinamisha kichwa nikawa natazama nyayo za ng'ombe kwenye vumbi. Ndivyo wazee wetu walivyotufundisha: mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja. Vijana wa mjini wameanza kuyaacha hayo, na hata katekista wenu aliwahi kusema kupeana mkono na mkwe si dhambi. Wewe hukutaka kusikia. Miaka yote ile tulizungumza kupitia watu. "Mwambieni mkwe wangu maji ya kuoga tayari," unasema, nami nimesimama hatua nne tu kutoka hapo, nimesikia kila neno, nangoja niambiwe.

Halafu ikaja ile miaka ya barakoa.

Kabula alikuwa mjamzito, na mimba mbili zilikuwa zimeshatoka kabla ya hiyo. Presha ikapanda, akapelekwa hospitali kubwa Dar es Salaam, madaktari wakasema atalala huko huko mpaka ajifungue. Akanipigia simu analia. "Namtaka mama," akasema. Si mimi, wewe. Sikuona wivu, mama, niliogopa tu. Kwenye basi unatapika kuanzia kona ya kwanza, kwa hiyo ikabaki treni, tukapandie Malampaka. Shemeji zangu wote walikuwa kwenye mavuno ya pamba. Mtu wa kukusindikiza akawa mimi.

Stesheni walishatangaza kwamba asiye na barakoa hapandi. Hapo mimi nilikuwa bingwa. Nilikuwa nimewashonea watu wa mji huu barakoa za vitenge, na sikuhitaji futi ya kupimia. Namtazama mtu mara moja najua pua yake inataka nini. (Walizivaa kidevuni, hilo ni jambo jingine, na bado linanikera.) Yako ndiyo iliyonishinda. Nilikaa na mkasi mkononi, fundi mzima, nikagundua kwamba sijui uso wa mama mkwe wangu una upana gani. Nikakata kwa kubahatisha, na kwa kuwa ilikuwa yako nikaongeza inchi mbili za heshima.

Ulipoivaa pale stesheni ilianzia chini ya macho ikaishia shingoni. Ukaikaza kisogoni kwa pini. Treni ilikuwa imechelewa sana, tukapanda jua likichomoza, daraja la tatu, viti vinavyotazamana. Nilitamani sakafu ipasuke. Magoti yangu na yako yalikuwa yanakaribia kugusana, na kila upande kumejaa watu. Nikageukia dirisha. Ndipo nikasikia sauti, na hakuna mtu aliyetumwa kuileta.

"Baba, hii umenishonea barakoa au mfuko wa mbegu?"

Nilicheka mpaka miwani ikajaa ukungu. Nikakuomba radhi, nikiwa bado natazama nje. Ukasema, "Geuka tu. Si tumejifunika wote?"

Kumbe ulishalipima jambo hilo kabla yangu. Kitambaa ni kitambaa, kiwe kanga au barakoa. Toka hapo mpaka Shinyanga tulizungumza kuliko tulivyozungumza tangu nioe. Ulinieleza jinsi Kabula alivyogoma kuanza shule mpaka mwalimu aliandike na jina la ndama wake daftarini. Uliniuliza kama ni kweli madaktari wa Dar wanawapasua wajawazito wote. Nikasema si wote. Kisha ukasema kwamba mimba ile ya pili ilipotoka ulikuja mpaka Bariadi, ukanikuta nimekaa kwenye cherehani nalia, ukarudi stendi bila kubisha hodi. Sikuwa nalijua hilo. Nilitazama macho yako, ndiyo sehemu pekee niliyoruhusiwa, na yalikuwa yamelowa.

Sasa njoo kwenye suala la chakula.

Mhudumu wa treni, dada mmoja mwenye aproni na sauti ya kuamrisha, alipita akitangaza masharti. Barakoa haivuliwi ndani ya behewa. Kula ni kwenye behewa la mgahawa tu, kwa zamu, meza moja watu wawili, na wanaosafiri pamoja wanakaa pamoja ili wasichanganyikane na wageni. Akaandika tunachotaka: wali kuku mbili. Aliposema "wanaosafiri pamoja" nilikuona umeshusha macho. Barakoa iliyoturuhusu kuzungumza ndiyo hiyo hiyo tungetakiwa kuivua tukiwa tumekaa uso kwa uso, na sahani katikati.

Zamu yetu ilipoitwa nikatangulia peke yangu. Nilikuwa na mpango wangu: nile haraka, nirudi kulinda mizigo, nawe uende. Nikamkuta yule dada mlangoni.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Atakuja baadaye."

"Hakuna baadaye, kaka. Meza moja, zamu moja. Mkaitane mje wote."

Ningemweleza nini? Kwamba yule si mke wangu, si mama yangu, ni mtu ambaye sijawahi kumwona mdomo? Nilisimama pale kidogo nikinusa kuku, nikarudi. Nikakaa, nikajipangusa kwenye barakoa kana kwamba nina mafuta midomoni, nikakuambia uongo.

"Mayu, nenda ukale. Mimi nimeshakula."

"Hata mimi nimeshakula, baba," ukasema. "Ulipotoka nilitafuna michembe."

Nilikuamini kwa sababu nilitaka kukuamini. Mfuko wetu wa viazi hivyo vikavu ulikuwa juu kwenye rafu, chini ya mabegi ya watu, na fundo lake lilikuwa vile vile nilivyolifunga mimi. Sikutazama juu. Sahani zetu wakapewa wengine, na tukaendelea na safari, watu wawili wenye njaa wanaodanganyana kwa adabu.

Tulikuwa tumeipita Isaka ulipoacha kunijibu. Nilidhani umesinzia. Mama mmoja muuza dagaa kutoka Lamadi, aliyekuwa kiti cha pembeni na magunia yake, ndiye aliyekuona.

"Wewe baba, mama yako anatetemeka!"

Jasho lilikuwa limelowesha barakoa yote. Nikakuita, ukanitazama kama mtu asiyenijua. Yule mama akakushika mkono, akafungua pochi yako, akatoa vidonge.

"Ana sukari huyu. Amekunywa dawa leo?"

"Sijui."

"Amekula?"

Hapo ndipo nikatazama juu, kwenye ule mfuko. Sikuwa najua kwamba una sukari. Ulimkataza Kabula asiniambie, kwa sababu ugonjwa wa mama mkwe si habari ya mkwe. Na asubuhi ile ulikuwa umekunywa vidonge vyako Malampaka, ukitegemea kula.

"Sukari imeshuka, mpe kitu kitamu sasa hivi," yule mama akanifokea. "Mvue hilo dude apumue!"

Nilimwazia Kabula kitandani, akisubiri nimletee mama yake, nami namletea maiti yenye heshima zake zote. Nikaitafuta pini kisogoni pako. Nikaichomoa. Nikaivua ile barakoa kwa mkono wangu.

Yule mhudumu akatokea. "Barakoa haivuliwi humu!" Kisha akakuona. Akageuka mbio, akarudi na kikombe cha chai iliyojaa sukari na sahani moja ya wali kuku, ndiyo iliyokuwa imebaki. "Kuleni hapo hapo," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi sijaona kitu."

Nilikunywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, huku yule mama wa Lamadi amekuegemeza begani. Kikombe kilipofika nusu macho yako yakarudi. Uliniangalia muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeivua yangu pia, sikumbuki saa ngapi. Nilingoja uvute kanga. Hukuvuta.

"Baba," ukasema, "kumbe una mwanya."

Basi nikalia. Mbele ya watu, kijiko mkononi.

Tukala sahani moja. Ukalisogeza paja la kuku upande wangu, nikalirudisha, ukalisogeza tena. "Kula. Mwanangu asije akasema nimekupeleka kwake umekonda." Nami nikakutazama, sitaficha. Nilikutazama unavyotafuna taratibu upande wa kushoto, kovu dogo chini ya mdomo, na kidevu ambacho nilikuwa nakijua tayari kwa sababu ndicho ninachoamka nacho kila asubuhi. Kabula mzima alikuwa pale, ameongezewa miaka tu. Yule mama wa Lamadi alituuliza kama tuligombana siku nyingi. Tukashindwa kumjibu kwa kicheko.

Tulipokaribia Tabora ukaivaa barakoa, ukaniomba nikukazie pini.

"Mkwe wangu," ukasema, "umesikia yule binti alivyosema? Hata sisi hatukuona kitu. Hatukuonana."

"Hatukuonana, mayu."

"Hata Kabula."

"Hata Kabula."

Na tulivyofika wodini, Kabula alipouliza tulikaaje njia nzima, ulimjibu bila kupepesa: "Kila mtu na dirisha lake." Siku ya nne akajifungua salama, mtoto wa kike, akapewa jina lako. Tuliporudi nyumbani ukarudi kwenye kanga yako na mimi kwenye nyayo za ng'ombe. Iliniuma, nitasema kweli. Nilikuwa nimepata mama, kisha nikarudishiwa mkwe. Lakini kila nilipokuja Sola, hata siku ambayo kuku alichinjwa mmoja kwa watu kumi na watano, kwenye sahani yangu lilikuwepo paja. Kabula alidhani ni mazoea tu. Mimi nilikuwa nakula huku natazama mlango wa jikoni, na pazia lilikuwa linacheza kidogo.

Kisha ukaondoka, na siku ya mazishi jeneza likafunguliwa watu wakuage. Shangazi zake Kabula wakaniita. "Mkwe, njoo. Leo ni ruksa, hakuna tena cha kuoneana haya." Watu wakanipisha njia. Nikatikisa kichwa. Wakaniita mara ya pili, nikatoka nikaenda kusimama zizini.

Kabula alinifuata jioni, macho yamevimba. "Baba Milembe, mama yangu hujawahi kumwona uso wake maisha yako yote. Leo umeruhusiwa mara moja tu, na umekataa? Alikukosea nini?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimekuahidi. Basi akanyamaza naye, na mpaka leo tunaishi ndani ya kimya hicho. Anaamini mumewe alimdharau mama yake.

Nimeijaribu kila njia nyingine, mama. Nimemshonea gauni, amesema asante, amelikunja kabatini. Jana mjukuu wako aliuliza kwa nini mama hali na baba, na hakuna aliyemjibu. Wewe uliificha siri yetu ili kulinda heshima yako mbele ya mwanao. Sasa mwanao anaumia kwa sababu ya siri hiyo, na nadhani ungekuwa hapa ungesema "yaya, hapana, basi, mwambie." Nadhani. Siwezi tena kutuma mtu akuulize.

Kwa hiyo nakuomba ruhusa, na sitangoja jibu. Leo nimemchinja kuku mwenyewe, na Kabula amenishangaa. Akija kuniwekea sahani nitamwomba akae, nitamsomea barua hii mpaka mwisho, hata pale paliponiliza. Nitamwambia kwamba sikuja kwenye jeneza kwa sababu nilishakuona, ukiwa hai, una njaa, unanitania, na sikutaka uso mwingine uje ukae juu ya ule. Kisha nitalisogeza paja upande wake. Akilirudisha, nitalisogeza tena.

Wabeja, mayu, asante mama. Pumzika.

Ni mimi mkweo,
mwenye mwanya.