Nirudishie Watu Wake

Mnyuzi,
Korogwe.
14 Juni 2005

Mpendwa mpwa wangu Josefina,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujamaliza kufungua bahasha. Habari za Uholanzi na baridi yake? Mumeo Mikaeli hajambo? Sisi tu wazima, ila mama yako goti linamsumbua. Mahindi yameanza kukauka, na nyani wanatutangulia kuvuna.

Programu yako ya kompyuta, ile ya sauti za wazee, imefika. Jumatatu ya wiki iliyopita niliipeleka Mazingara, tukaifungua katika ofisi ya chama cha wafugaji waliokupa kazi. Picha za wazee zikajipanga. Ukibonyeza moja, mzee anazungumza. Watu walipiga makofi. Kazi yako ni nzuri, na ninayokuambia sasa si lawama kwako.

Noonkipa, mjane wa mzee Lemayian, aliomba sauti ya mumewe kwanza: yale maneno ya malisho uliyorekodi mkutanoni ulipokuja likizo, kabla mzee hajafariki. Sauti ikatoka safi, kama yumo chumbani. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwalimu, siku ile mume wangu alikuwa amekosana na nani?"

Nikamwambia hakukosana na mtu.

"Mbona anasema, hakuna anayemwitikia? Hata mbuzi wake walikuwa wakimwitikia."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikueleze, maana wewe hukukulia huku. Kwa wafugaji, mkubwa akizungumza, wasikilizaji humwitikia "ee" kila anapotua. Asiyeitikiwa ametengwa. Nimefundisha watoto wao maisha yangu yote, nalijua hilo. Lakini uliponiandikia kwamba kompyuta haijui kelele ni ipi mpaka ielezwe, nikakujibu uondoe ng'ombe, vikohozi na hizo ee-ee zote. Nilisahihisha baraza la wazee kama ninavyosahihisha insha.

Naona haya, mpwa wangu. Wajukuu wa Lemayian watamsikia hivyo, waamini babu yao alikufa hana mtu.

Katibu wa chama alisema labda mashine za Ulaya hazina adabu. Nikawaambia kosa ni langu, si la mashine wala la mtoto wangu. Noonkipa hakunigombeza. Alisema tu, "Basi nirudishie watu wake."

Nakuomba utafute sauti ile kama ulivyoirekodi. Ikiwa imefutika, usibandike ee za kutengeneza. Niarifu, niende kumwambia mama yule mwenyewe, uso kwa uso. Ikiwa ipo, irudishe yote, hata ng'ombe.

Mkaza mjomba wako anakusalimu, na mama yako anasema uvae soksi. Msalimie sana Mikaeli. Mungu akutangulie kila mlango unaoingia.

Ukiipata sauti hiyo, isikilize taratibu. Siku ile ya mkutano nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Utasikia kikohozi changu, na baada yake utanisikia namwitikia.

Nami ni mjomba wako nikupendaye,
Yordani